Kibao cha Mtu Yumo Ndani

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Naomba tu msizidai mrudishiwe mkishasoma, maana naanza na aibu yangu mwenyewe. Mimi Salum Kondo, Mzaramo wa Mzenga, niliyeagwa kazini juzi kwa pilau, keki na hotuba za kunisifu, niliwahi kukaribia kumuua rafiki yangu kwa utani. Sisemi kwa mafumbo. Nilikaribia kumuua kweli, mchana kweupe, katika kiwanda cha chakula cha kuku pale Kibaha, na kwa miaka yote iliyofuata hakunitania tena hata siku moja. Kwa watu wengine hilo si kitu. Kwa Mzaramo aliyenyimwa utani na Mnyamwezi wake, hakuna hakimu ambaye angeweza kutoa adhabu kubwa zaidi.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi sasa kwenye viwanda vilivyoota kila kona ya Kibaha. Nimewaona. Siku ya kwanza mnapewa buti, barakoa na karatasi ya sera ya usalama na afya, mnaambiwa msome mtie sahihi, nanyi mnatia sahihi bila kufunua ukurasa, kama watu wanaokubali masharti ya laini ya simu. Siwalaumu. Mimi niliipita sera ya kiwanda chetu kila asubuhi kwa miaka, na sikujua inasema nini. Ilikuwa mapokezi, ukutani, ndani ya fremu yenye rangi ya dhahabu, kwa Kiingereza, na chini yake kulikuwa na maua ya plastiki. Aliyekuwa akiifuta vumbi ni Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa mfagizi wetu, Mkwere wa Gwata, mama mfupi mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Siku moja aliniita akiwa na kitambaa mkononi.

"Salum mwanangu, hili dude ninalolifuta kila siku linasema nini?"

"Linasema tuwe waangalifu, mama."

"Maneno yote haya, kuwa waangalifu tu?"

"Kiingereza kina maneno mengi."

Akanitazama kidogo, kisha akaendelea kufuta. Mimi nilikuwa sijasoma hata mstari mmoja, na nilikuwa kiongozi wa zamu.

Sasa niwaeleze mashine yenyewe. Tuliiita mikisa. Ni pipa kubwa la chuma lililolazwa, refu kuliko kitanda cha watu wawili, na ndani yake mna mapanga yanayozunguka. Unamwaga juu mahindi yaliyosagwa, pumba, mashudu, dagaa na molasi, na chini kinatoka chakula cha kuku. Molasi ndiyo yenye kero, kwa sababu inagandisha kila kitu kwenye mapanga, na ikishaganda lazima mtu apande ngazi, aingie kwa mlango wa juu na kukwangua kwa mkono. Swichi ilikuwa ukutani, hatua kama kumi kutoka hapo, na anayeiwasha hawezi kuona ndani. Kwa hiyo tulikuwa na kibao cha plywood kilichoandikwa kwa rangi nyekundu MTU YUMO NDANI, kikining'inia kwenye msumari karibu na ngazi. Ukitaka kuingia unakichukua, unakitundika juu ya swichi, unaingia. Ukitoka unakirudisha. Usalama wetu wote wa mikisa ulikuwa kipande hicho cha plywood, na tuliona unatosha.

Mkwanguaji wetu alikuwa Shija. Alikuja kutoka Tabora na sanduku la bati, kijana mrefu, mwenye mikono mirefu iliyofika kila kona ya mikisa. Siku aliyosikia jina langu tu akauliza, "Mzaramo?" Nikasema ndiyo. Akanivua kofia yangu, akaivaa, akaondoka nayo mpaka jioni. Hapo tukawa ndugu.

Siku hizi naona wengine mnadhani utani ni kupigana vijembe kwenye simu. Sisi na Wanyamwezi tumerithishana. Mtani anaweza kuchukua kitu chako, kula chakula chako, kukutukana mbele ya wakwe zako, na huna ruhusa ya kukasirika. Shija aliniambia, "Nyie Wazaramo ngoma ikilia Kisarawe mnaacha kazi Kibaha." Nami nikamwambia, "Babu yako alifika pwani kwa miguu na mzigo wa watu kichwani. Wewe umepanda treni, na bado umekuja kubeba magunia!" Alicheka mpaka akakaa chini. Alipofariki mjomba wangu kule Mzenga, Shija alisafiri kuja mazikoni, akaketi ukingoni mwa kaburi akagoma kuondoka mpaka apewe kuku. Shangazi zangu waliokuwa wakilia walianza kucheka huku machozi yanatiririka. Nilimpenda sana siku ile.

Kile kibao cha plywood nacho kiliingia kwenye utani wetu. Nilianza mimi. Shija akiwa chooni, nilikiondoa kwenye msumari nikakitundika kwenye mlango wa choo, MTU YUMO NDANI, na kiwanda kizima kikamsubiri atoke. Yeye akalipiza kwa kukiweka juu ya pikipiki yangu. Tukaendelea hivyo kwa miezi. Mama mwenye kiwanda mwenyewe aliwahi kukiona mlangoni pa choo, akacheka, akapita.

Mwenye kiwanda tulimwita Mama Lyimo. Alianza na vifaranga uani kwake, akichanganya chakula kwa koleo, na mpaka anaajiri watu arobaini bado alikuwa akitembea mbio kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka. Alipoambiwa kwamba sheria inamtaka mwajiri awe na sera ya usalama iliyoandikwa, alimwambia karani wake atafute, karani akamwomba shemeji yake, shemeji akaileta kwenye flashi, wakabadilisha jina la kampuni na kuichapa. Jambo likaisha, au ndivyo alivyodhani.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa saa sita na ushei, watu wanaelekea kula. Shija alikuwa mle ndani akimalizia kukwangua, na kibao kilikuwa juu ya swichi mahali pake. Kantini walikuwa wameshampakulia sahani yake, na ugali wa Shija ungeuona kwa mbali hata kabla hujaingia mlangoni. Likanijia wazo. Nikakichukua kibao, nikaenda nacho kantini, nikakisimamisha juu ya ule ugali. MTU YUMO NDANI. Watu walikufa kwa kicheko. Nilijua Shija yumo ndani ya mikisa. Nilijua kabisa, sitawadanganya. Nilijiambia ni saa ya chakula, nani atawasha mashine? Dakika mbili tu, atakuja, atauona ugali wake, tutacheka, nitakirudisha.

Hamisi, mwendesha mashine, hakuwa kantini. Lori la mteja lilikuwa getini, akataka kumaliza mchanganyo wa mwisho ndipo aje kula. Alifika kwenye swichi, akatazama, hakuona kibao. Akafanya alivyofundishwa. Akawasha.

Bi Tatu alikuwa akifagia upande ule. Chini ya ngazi aliona kandambili mbili za Shija, zimepangwa vizuri, pua zikielekea ngazi. Kandambili, ndiyo, buti hatukuwa nazo. Hakupiga kelele, maana alijua kelele haisikiki. Alikimbia kwenye swichi kuu yenye kitufe chekundu na kukigonga kwa mpini wa ufagio. Mtu mwenye umri wake, na goti lililokuwa likimsumbua kila masika! Mashine ikasimama. Kilichobaki kilikuwa sauti ya Shija, na hiyo tuliisikia mpaka kantini.

Sitaielezea. Nitasema tu kwamba mapanga yalikuwa yamezunguka mara moja na kidogo, na Shija alikuwa ameshajivuta nusu kuelekea mlango wa juu. Mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti mahali pawili na vidole viwili vilikwenda. Kama Bi Tatu angezitafakari zile kandambili kwa muda wa kumeza mate, tungekuwa tunasema habari nyingine. Nilipofika nilikuta Hamisi ameshika kichwa anasema, "Hakikuwapo, wallahi kibao hakikuwapo." Na mimi nilijua kilipo.

Mama Lyimo alimpeleka Shija hospitali ndani ya gari lake mwenyewe, kichwa cha Shija kikiwa mapajani mwa Bi Tatu. Halafu akafanya jambo ambalo wengi wangelikwepa. Kesho yake alitoa taarifa kwa wakaguzi wa serikali, kama sheria inavyotaka, ingawa karani alimshauri anyamaze kwa kuwa mtu hakufa. Alimjibu, "Kwa hiyo nisubiri wa kufa?"

Mkaguzi alikuja. Tulitegemea mzee wa suti, akaja binti mwenye buti na daftari, umri kama alio nao sasa mwanangu wa tatu. Tulikusanyika sote kwenye ghala, tumekaa juu ya magunia. Akaomba sera. Ikatolewa ukutani na fremu yake, maua ya plastiki yakaanguka. Akaisoma kimya, kisha akainua uso.

"Mama, hapa imeandikwa kila mfanyakazi avae boya anapokaribia ukingo wa gati. Gati liko wapi?"

Mama Lyimo akamgeukia karani wake.

"Na hapa, namna ya kumwokoa mtu aliyeanguka kutoka melini."

Kumbe ile sera ilikuwa ya kampuni ya bandarini! Miaka yote Bi Tatu alikuwa akifuta vumbi la maboya. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Labda mto Ruvu," na hakucheka mtu. Nilimtazama Bi Tatu, naye alikuwa ananitazama mimi, yule wa kuwa waangalifu.

Mkaguzi akauliza nani aliondoa kibao. Nusu ya waliokaa pale walikiona juu ya ugali kwa macho yao, na hakuna aliyesema. Walikuwa wananilinda. Nilifikiri habari ya kazi yangu, watoto wangu wanne, na nyumba ya Mzenga niliyokuwa sijaezeka. Kisha nikamwona Hamisi. Alikuwa hali, hasemi, amekonda kwa siku tatu tu. Nikasimama.

"Niliondoa mimi. Nilikuwa namtania."

Mkaguzi aliandika. Aliuliza maswali mengi na nikajibu yote, mpaka la ugali. Mwisho nikamgeukia Mama Lyimo nikamwambia naacha kazi, funguo za stoo nitamwachia karani. Sikuona njia nyingine.

Na hapo ndipo nilipomjua yule mama. Alisimama, kwa mara ya kwanza bila haraka.

"Kaa chini, Salum. Umefanya kosa baya, na utaadhibiwa. Lakini kibao hicho nilikiona mlangoni pa choo nikacheka. Nimewapa kitu anachoweza kukiondoa mtu yeyote anayepita, halafu nikaenda kuning'iniza mambo ya meli ukutani. Sheria haikumwambia Salum aandike sera. Haikumwambia Shija ajinunulie buti. Imeniambia mimi."

Nimefanya kazi na mabosi, nimesikia habari za mabosi, na mpaka leo sijasikia mwingine aliyesema hivyo mbele ya mkaguzi mwenye kalamu mkononi. Alitozwa faini, akalipa. Mimi nilipewa onyo la maandishi, nikavuliwa uongozi wa zamu. Hamisi alipewa likizo akalale. Na wafanyakazi walipoambiwa wachague mwakilishi wao wa usalama, walimchagua Bi Tatu kwa kelele, hata kura hazikuhesabiwa. Mama Lyimo akaniambia adhabu yangu ya pili: kwa kuwa Bi Tatu hasomi vizuri, nitakuwa mwandishi wake. Nitamfuata kila aendako, nitaandika kila asemacho. Nilidhani itakuwa ya wiki chache. Nilimfuata mpaka alipostaafu.

Haya, chukueni kalamu, maana hapa ndipo kuna kitu cha kujifunza. Bi Tatu hakujua neno tathmini ya hatari. Alikuwa na swali moja. Alikwenda kila sehemu, akavuta gunia, akakaa, akauliza, "Hapa nini kinaweza kukuumiza?" Halafu akanyamaza. Mkimuuliza mtu swali hilo msiongeze neno, mwacheni ahangaike nalo. Wapakiaji kwanza walisema hakuna kitu. Baadaye mmoja akasema mgongo. Mwingine akasema mwezi wa Ramadhani, ikifika saa tisa na mtu amefunga, anaona kizunguzungu akiwa juu ya rundo la magunia. Nikaandika. Ndiyo maana pale kiwandani mpaka leo kazi ya kupanga juu hufanywa asubuhi katika mwezi mtukufu, na imeandikwa kwenye sera.

Akina mama wa kushona magunia walisema barakoa zinateleza kwa sababu zinafungwa juu ya ushungi. Mama Lyimo alikuwa ameleta barakoa nzuri tu, na alishangaa kwa nini hazivaliwi. Bi Tatu akawaambia waletewe za mikanda miwili ya nyuma ya kichwa, wavae barakoa kwanza, ushungi juu yake. Kuhusu suruali za kazi palikuwa na mjadala wa siku mbili. Kanga ilikuwa inakaribia mkanda wa mashine, hilo kila mtu aliliona, lakini hawakutaka kutembea na suruali mbele ya wakwe. Bi Tatu akawa wa kwanza kuvaa suruali na koti refu la kazi juu yake, akapita kiwandani kote. Kesho yake wakavaa wote. Mwajiri ana wajibu wa kutoa vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi, lakini anayejua kama kifaa kinavalika ni yule anayekivaa, kwa hiyo msikae kimya.

Msidhani Bi Tatu alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za haraka, na aliwahi kunifukuza na ufagio kwa kuandika "ajali ndogo" kwenye daftari. Akanambia hakuna ajali ndogo, kuna ajali iliyochelewa. Niliifuta mbele yake.

Kuhusu mikisa, kibao kilikwisha kazi yake. Mama Lyimo alikichukua akakifungia kabatini ofisini. Swichi ilitiwa kikomeo cha chuma, na kila anayeingia ndani alipewa kufuli lake lenye jina lake. Unazima, unafunga, ufunguo unaingia mfukoni mwako, ndipo unapanda ngazi. Wakiingia wawili, makufuli mawili. Aliyefunga ndiye anayefungua, hata kama bosi mwenyewe amesimama pale anaangalia saa. Nimeona viwanda vyenye kufuli zuri na ufunguo wa akiba kwenye droo ya msimamizi. Hiyo ni plywood yetu ileile, imepakwa rangi tu.

Mstari wa mwisho wa sera mpya ulitoka hospitali. Bi Tatu alinipeleka kwa Shija na daftari. Mguu wake ulikuwa umefungwa plasta mpaka juu. Bi Tatu akamuuliza swali lake, na Shija akajibu huku ametazama dari.

"Andika," akasema, bila kunitazama. "Kufuli la mikisa halina utani, hata kwa mtani."

Niliandika, na wino ukachafuka kwa sababu nilikuwa nalia. Nilimwomba radhi. Akasema, "Nimekusamehe, Ndugu Kondo."

Ndugu Kondo! Alikuwa hajawahi kuniita hivyo tangu tujuane. Siku zote nilikuwa Mzaramo, au mtu wa ngoma, au mla mihogo. Nilitoka pale nikamwambia Bi Tatu afadhali angenitukana. Bi Tatu akasema, "Mpe muda, mwanangu." Hakusema muda gani.

Sera ilisomwa kwa Kiswahili, Mama Lyimo amesimama juu ya gunia la pumba. Kurasa mbili tu. Akaitia sahihi mbele yetu, akaandika jina lake kamili na tarehe, akasema kila mwaka tutaisoma tena na tukiona imepitwa na mambo tutaibadilisha. Nilipomwona ameinama anaandika, nilielewa kwa nini sheria inataka jina la mtu pale chini na si muhuri wa kampuni. Mkono wake ulikuwa mzito. Alijua anajifunga.

Sifa zetu zilienea, na siku moja mwenye kiwanda cha mbao wa Kisarawe, mzee mmoja mkarimu sana, alituita mimi na Bi Tatu. Baada ya chai na vitumbua akaeleza shida yake.

"Nipeni nakala ya sera yenu. Nifute jina la yule mama, niweke langu."

Bi Tatu akaweka kikombe chini. "Una mikisa?"

"Sina."

"Una kuku?"

"Nina watatu, kule nyumbani."

"Basi sera yetu itawalinda hao watatu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, kisha akatupeleka kwenye msumeno. Tulikaa na wapasuaji mbao wake mpaka alasiri. Walituonyesha kinga ya msumeno ilivyofunguliwa na kutupwa nyuma ya banda kwa sababu ilikuwa inachelewesha kazi. Ikarudishwa siku ileile. Sera yao ilijaza nusu ukurasa wa daftari la shule. Mzee akashika kalamu, akasita.

"Nikishatia sahihi, akiumia mtu mtanikamata?"

"Usipotia pia," akasema Bi Tatu. Mzee akatia.

Kwa hiyo wanangu, mkipewa sera msiangalie fremu. Tafuteni kwanza jina na sahihi ya mwenye kiwanda, na tarehe. Angalieni kama inazitaja mashine mnazoziona kwa macho yenu, au inazungumzia meli. Halafu nendeni kwa mfagizi mkamuulize inasema nini. Akijua, mko mahali salama. Asipojua, muulizeni mwajiri kwa adabu, maana ni wajibu wake kuwaambia na si hisani. Na wajibu wenu ni huu mmoja ulionishinda mimi: kilichowekwa kumlinda mwenzako usikiguse.

Shija alirudi kazini baada ya miezi mingi, anachechemea. Mama Lyimo alimpa kazi ya kupima ubora, ya kukaa. Tulisalimiana kila siku. Aliniuliza hali ya watoto, alikuja nilipofiwa na mama, akakaa na wanaume wengine, kimya na heshima zake zote. Watu walimsubiri afanye vituko vya mtani. Hakufanya. Mama yangu alizikwa bila mtani wake kudai hata kuku. Baadaye nilimuuliza mara moja tu. Alisema, "Si hasira, Ndugu Kondo. Nikitaka kukutania nasikia ule mlio wa mikisa." Sikuuliza tena. Kila asubuhi nilipotundika kofia yangu kwenye msumari, niliiacha pale mahali pa wazi, na kila jioni niliikuta.

Basi juzi wakaniaga. Mama Lyimo amezeeka, kiwanda anaendesha binti yake, na sahihi iliyopo kwenye sera sasa ni ya binti. Bi Tatu aliletwa kutoka Gwata, akapewa kiti cha mbele. Hotuba zilikuwa ndefu, na mimi ni mtu mzima mwenye sukari, kwa hiyo katikati niliomba radhi nikaenda chooni. Nilipomaliza nikafungua mlango, nikakuta kiwanda kizima kimesimama nje kinanitazama. Nikageuka. Mlangoni kilikuwa kimetundikwa kipande cha plywood, rangi nyekundu imefifia, MTU YUMO NDANI.

Shija alikuwa mbele ya wote, ameegemea fimbo yake, amevaa kofia yangu.

"Nimemuuliza Bi Tatu kwanza," akasema. "Kibao kilishastaafu kama wewe. Hakimo kwenye sera. Kwa hiyo kinataniwa, Mzaramo wee!"

Nililia pale mlangoni pa choo, mbele ya vijana niliowafundisha na mbele ya binti wa Mama Lyimo, na sikuona haya. Shija alinishika bega akaniambia watu wa ngoma machozi yao yako karibu. Kofia hakurudisha. Ameondoka nayo mpaka kwake Mlandizi.

Kibao nilikuja nacho Mzenga, nikakipigilia mlangoni mwa chumba changu cha kulala. Mke wangu hakipendi, anasema kinatisha wageni, na ameniuliza mara mbili akitoe lini. Nimemwambia taratibu za kazi hazijabadilika. Kitatolewa na aliyemo ndani, akishatoka mwenyewe.